Tuwape Watoto Kamba na Visoda

Jirani zangu wa Mbagala, Chamazi na Toangoma hapa Dar es Salaam, na ninyi wa upande wa pili huko Tegeta, Boko, Bunju na Mabwepande, leo nina ombi dogo. Naomba kamba. Iwe ya katani au ya manila, mita kumi zinatosha. Naomba na visoda, vile vinavyozagaa nyuma ya kila duka la Mangi, pamoja na vipande vya mbao ambavyo seremala wako huishia kuvichoma jioni. Vipeleke shule ya msingi iliyo karibu nawe, uulize darasa la awali liko wapi, na ukishamkabidhi mwalimu usikimbilie kuaga. Kaa nusu saa, maana kamba isiyo na mtu wa kushika ncha ya pili haina kazi.

Sababu ni hii. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 wazazi waliwaleta watoto shuleni kwa wingi, na wakati huohuo mji ulikuwa unahamia huku kwetu pembezoni, kiwanja kwa kiwanja. Mwalimu wa awali mwenye watoto wengi kuliko nafasi za kukaa anafanya linalowezekana: anachora ubaoni duara, mraba, pembetatu na mstatili, watoto wanaitikia kwa sauti moja, wanayachora kwenye daftari, zinapigwa vema, siku imekwisha. Simlaumu. Lakini mraba wa ubaoni siku zote umekaa kitako. Hebu uchore umesimama kwa kona, umwulize mtoto wa darasa la kwanza ni umbo gani. Wengi watakwambia huo si mraba tena.

Walimu wawili wa Uholanzi, Dina na Pierre van Hiele, mke na mume, walilifanyia kazi jambo hili katika tasnifu zao za mwaka 1957. Walieleza kwamba mtoto huanza kwa kulitambua umbo kwa sura yake nzima, jinsi anavyomtambua shangazi yake akimwona kwa mbali, bila kujali pande wala pembe. Kutoka hapo kwenda hatua ya kuhesabu pande, kulinganisha kona na kusema kwa nini huu ni mraba na ule si mraba, hakuletwi na umri peke yake. Kunaletwa na kushika, kukunja, kupima na kuzungumza na mtu anayejali. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 nayo inahimiza kujifunza kwa vitendo. Vitendo vinahitaji vitu na watu, na mtaani kwetu vyote viwili vipo.

Tuanze na ile kamba. Kata kamba mbili zenye urefu sawa. Kunja kila moja ili uipate nusu yake, kisha zifunge pamoja hapo katikati. Ncha ziko nne. Wape watoto wanne, waambie wavute mpaka kamba zote mbili zinyooke. Sasa nyunyiza chokaa kutoka mguu wa mtoto mmoja hadi wa mwenzake mpaka uwazungushe wote. Umepata mstatili. Waambie wasogee, mradi kamba zisilegee, uchore tena: ni mstatili mwingine, labda mwembamba zaidi. Wakijipanga mpaka kila mmoja awe na umbali uleule kwa jirani zake wa pande zote mbili, mstatili umekuwa mraba. Hakuna rula iliyotumika, wala bikari. Watoto watabishana nani amesogea vibaya, na ubishi huo ndio somo lenyewe.

Mchezo huu una asili ya heshima. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefundisha Msumbiji kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2014, alieleza jinsi wajenzi wa vijijini kule wanavyoweka msingi wa nyumba kwa kamba mbili zilizofungwa katikati, namna hiyohiyo. Yeye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba wasusi wa vikapu na mikeka wa upande huu wa Afrika wana jiometri mikononi ambayo shule zilikuwa zikiipita bila salamu. Ukimwangalia bibi anayesuka ukili wa mkeka hutahitaji kushawishiwa.

Mafundi wetu wa ujenzi wengi wana njia nyingine. Kutoka kwenye kona wanapima tatu upande huu, nne upande ule, halafu wanapima ulalo. Ikija tano, kona imekaa sawa. Isipokuja tano, mambo yanapangwa upya kabla zege halijamwagwa. Fundi mwenzangu unayesoma haya, njia hiyo mtoto wa miaka saba anaiweza. Chukua kamba, ipige mafundo yaliyoachana sawasawa, uiunganishe ncha ili iwe na nafasi kumi na mbili. Mtoto mmoja ashike fundo lolote, wa pili ahesabu nafasi tatu, wa tatu ahesabu nne kutoka kwa huyo wa pili, wote wavute. Kona ya huyo wa pili ni pembe mraba. Mpeni daftari aingize kona yake pale ajionee.

Kwa hiyo ninachowaomba mafundi ni asubuhi moja. Jumamosi unapoweka msingi wa nyumba ya mtu, watoto huwa wanachungulia hata ukiwafukuza. Safari hii waite, uwaweke mbali na nondo na misumari, uwaonyeshe timazi inavyoning'inia na pimamaji inavyotulia. Mwache mmoja ashike uzi.

Akina mama nao wana darasa lao, na linafunguliwa alfajiri. Mtazame anayekaanga maandazi. Donge analisukuma mpaka liwe duara, anapitisha kisu kati kwa kati, anageuza kibao kidogo, anapitisha kisu tena. Vipande vinne. Kila kipande kina pande mbili zilizonyooka zinazokutana kwenye kona, na upande mmoja uliopinda. Mpe mtoto vipande viwili vibichi na umwulize: ukiviunganisha unapata nini? Na vitatu? Kona hii inaingia kwenye kona ya boksi la kiberiti au haiingii? Maswali matatu, maandazi yanaendelea kukaangwa, hakuna aliyechelewa.

Sambusa ni tamu zaidi kwa kazi hii. Utepe wa manda unakunjwa kona yake mpaka iguse ukingo wa pili, ikawa pembetatu. Pembetatu inapinduliwa, inapinduliwa tena, na kila ikipinduliwa inajifunika yenyewe mpaka utepe unakwisha. Darasani tunatumia gazeti. Kata vipande virefu, kila mtoto akunje sambusa yake, halafu aikunjue aangalie mikunjo: pembetatu zilizopangana kichwa juu, kichwa chini, mfululizo. Wape rangi waijaze. Nakuhakikishia hapo hakuna atakayeuliza muda wa kwenda nyumbani.

Na chelewa za ufagio uliochakaa usizitupe. Zikatwe vipande sawa, ziunganishwe kwa vidonge vya udongo wa mfinyanzi. Mtoto atengeneze pembetatu na mraba, halafu asukume kila umbo pembeni kwa kidole. Mraba unalala upande. Pembetatu inakataa. Mtoe nje umwonyeshe kenchi za paa la darasa lake, umwachie ahesabu pembetatu zilizomo. Kwa mchemraba atahitaji chelewa kumi na mbili na vidonge vinane. Usimwambie idadi, mwache aombe mwenyewe mpaka zitoshe.

Haya, mwelekeo. Hapa mtoto anajifunza kwa kutusikiliza, na sisi tunapenda neno moja: kule. Nenda kule, kata pale, utaona mbele. Mkono unafanya kazi yote na mdomo unapumzika. Nawaomba wazazi jaribio la wiki moja: ukimtuma mtoto dukani, mikono iweke nyuma. Sema: toka getini, geuka kulia, pita nyumba tatu, kwenye nguzo ya umeme geuka kushoto. Siku ya kwanza atarudi kuuliza. Siku ya nne atakuelekeza wewe. Mtoto wa mashoto asichekwe wala kupigwa kofi la mkono. Mfunge uzi kifundoni upande wa kulia, baada ya muda ataufungua mwenyewe.

Shuleni kuna mchezo wa kobe. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa walioanzisha katika miaka ya 1960 huko Marekani lugha ya kompyuta iitwayo Logo, ambamo mtoto anamwamuru kobe atembee na kugeuka, na kobe anachora anapopita. Kompyuta hatuna, mchanga tunao. Mtoto mmoja awe kobe, avute fimbo nyuma yake. Wenzake wamwamuru: hatua nne mbele, geuka kulia, hatua nne mbele. Kobe hafanyi asichoambiwa, na akiambiwa "geuka" tu, asimame ahoji kulia au kushoto. Kundi litakalofanikiwa kuchora mraba limegundua kwamba amri ni zilezile mara nne. Kundi litakalotaka duara litapata taabu ya kufurahisha, mpaka mmoja aseme: hatua moja, geuka kidogo, hatua moja, geuka kidogo. Mtoto aliyewahi kucheza ukuti, ameshikana mikono na wenzake wakizunguka, tayari ana duara mwilini; hapa anapata nafasi ya kulitamka.

Dira kubwa ya dunia watoto wa Dar es Salaam wamezaliwa nayo. Msimamishe mtoto kifua kikiwa upande wa bahari, hata kama kutoka Chamazi bahari haionekani. Mbele ni mashariki. Mkono wa kushoto ni kaskazini, iliko Bagamoyo. Mkono wa kulia ni kusini, iliko Kilwa. Mgongoni ni magharibi, na Morogoro iko mgongoni hasa, karibu kwenye mstari uleule wa latitudo na sisi. Barabara kuu tatu zina majina ya miji hiyo, na konda wa daladala anayataja siku nzima. Wakishaizoea, watege: Zanzibar iko upande gani? Wengi watasema mashariki kwa kuwa iko baharini. Ramani itawaonyesha kwamba boti ya Unguja inayotoka Kivukoni inaelekea kaskazini.

Walimu wa madrasa, nanyi mna jambo ambalo shule haina. Makka na Dar es Salaam zimekaa karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, tofauti yake ni kama nyuzi moja tu. Mtoto anayesali hapa anaelekea kaskazini mara tano kwa siku bila mtu kumwambia. Mwambieni. Mtoto wa jirani anayekwenda kanisani aonyeshwe mihrabu ya msikiti wa mtaa ikichomoza nje ya ukuta, naye ana dira ya zege isiyohamishika.

Atakayetaka ushahidi asimike kijiti. Kijiti kilichonyooka, kwenye uwanja usio na mti, na kila baada ya nusu saa mtoto aweke kisoda kwenye ncha ya kivuli. Visoda vitajipanga kutoka upande wa magharibi kwenda mashariki, wakati jua linakwenda kinyume. Kivuli kifupi kuliko vyote kinalala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Hakitokei saa sita kamili: Dar es Salaam iko magharibi ya longitudo inayotuwekea saa, kwa hiyo jua linatimia utosini kwa wastani kama dakika ishirini na tatu baadaye. Jambo lingine ambalo vitabu vya nchi za mbali havitamwambia mtoto wetu ni kwamba mwezi Juni kivuli hicho cha mchana kinaelekea kusini, na Desemba kinaelekea kaskazini. Sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta, jua linatupita juu mara mbili kwa mwaka.

Kutoka kwenye dira twende kwenye ramani. Mitaa ya pembezoni ni ya aina mbili na zote zinafaa. Bunju, Mbweni na Toangoma zina sehemu zilizopimwa chini ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Huko mtoto anaona barabara sambamba, kona za mraba, na bikoni kwenye pembe za kiwanja, ambazo aziangalie bila kuzigusa. Buza na sehemu kubwa ya Mbagala zimejengeka zenyewe; huko vichochoro vinakutana kwa pembe kali, pembe butu na nyingine ambazo hata mwalimu atatafakari kabla ya kuzipa jina. Wekeni maboksi sakafuni: boksi la sabuni liwe shule, la maziwa liwe zahanati, kamba iwe barabara, kanga ya bluu iwe mto. Watoto wapange mtaa wao, wagombane kuhusu nyumba ya nani iko kabla ya ya nani, kisha watoke nje wakahakikishe.

Kazi hiyo si ya kitoto kama inavyoonekana. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo kushirikiana na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika hapa jijini, mfereji kwa mfereji, nyumba kwa nyumba, kwa sababu maji yakija anayeijua njia ndiye anayetoka. Mwaka 2022 likafuata zoezi la anwani za makazi, likatuachia nguzo zenye majina ya barabara na namba kwenye milango. Mtoto wako anaijua namba ya nyumba yenu? Anajua jina la barabara lililo kwenye ile nguzo? Mtoto aliyepotelea Rangi Tatu au Tegeta kwa Ndevu akaweza kusema "nyumbani kwetu ni mtaa fulani, barabara fulani, namba fulani, ukishuka kituoni unageuka kushoto" atafika nyumbani siku hiyohiyo. Hilo moja lingetosha kuandikia wito huu. Na barabarani pia: magari yetu yanatembea kushoto, kwa hiyo hatari ya kwanza inatoka kulia. Mtoto anayesitasita kati ya kulia na kushoto asivuke peke yake Barabara ya Kilwa wala ya Bagamoyo, na penye njia ya mwendokasi katikati aangalie upya pande zote mbili kabla ya kuikanyaga.

Neno kwa wenye mabinti. Mvulana anatumwa mbali, anazurura, anaujua mtaa hadi ng'ambo ya mto. Binti anabakizwa karibu na jiko. Sina ugomvi na tahadhari ya mzazi, ila ikifika siku ya kuchora ramani mtaona wenyewe nani ana kitu cha kuweka juu ya boksi. Atumwe naye, afuatane na kaka yake ikibidi, na yeye ndiye awe anaongoza njia.

Televisheni inasaidia. Ubongo Kids, iliyotengenezwa hapahapa Dar es Salaam na kuanza kurushwa mwaka 2014, imewafundisha watoto wengi hesabu kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Nawapongeza. Kioo lakini hakimpi mtoto ncha ya kamba.

Basi maombi yangu kwa mafungu. Maseremala wa Keko na wa vibanda vyote vya njiani: vipande vya mbao vipigwe msasa, viwe michemraba, vya pembetatu na vya duara, gunia moja kwa kila shule. Mtoto asiyeona atajifunza navyo sawa na wenzake, kwa vidole. Serikali za mitaa na kamati za shule: ndoo moja ya rangi nyeupe inachora dira kubwa kwenye uwanja wa shule, yenye pande nne na majina ya miji. Vijana wa vijiwe vya bodaboda, hakuna anayeijua mitaa kuliko ninyi. Mkiombwa kusaidia ramani ya maboksi, nendeni wawili, pikipiki zibaki nje ya geti. Wastaafu, ninyi mna asubuhi.

Shule zinazotaka tukio la kuanzia, lipo. Karibu tarehe 10 Oktoba jua linapita juu kabisa ya Dar es Salaam. Kama saa 6 na dakika 10 mchana kijiti kilichosimama wima hakitakuwa na kivuli cha maana, na mwanzoni mwa Machi itatokea tena, safari hiyo kama saa 6 na dakika 35. Anzeni kupima kivuli wiki mbili kabla, muda uleule kila siku, ili watoto wakione kikipungua. Watazame chini kwenye kivuli, wasilitazame jua. Mwalimu mkuu aombwe ruhusa mapema, mjumbe apewe taarifa, fundi aje na timazi yake ya kusimamishia kijiti, maji ya kunywa yawepo maana ni saa ya jua kali, na kila mtoto aje na kisoda chake.